Land Rover ya Mezani: Kulipunguza Gari Mara Kumi

Bati la kopo la maziwa ya unga lina unene wa takriban milimita 0.2. Bati la aluminiamu lililotumika kwenye bodi za Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 lilikuwa na unene wa kati ya milimita 1 na 2. Ukiugawa unene huo kwa kumi unarudi karibu na kopo. Kwa hiyo anayetaka kuunda modeli ya gari hilo kwa skeli ya 1:10 hana haja ya kuagiza bati la bodi kutoka ng'ambo. Liko kabatini mwake, limejaa maziwa.

Hesabu hiyo inafurahisha, lakini si kila kitu katika gari hupungua kwa utiifu namna hiyo. Springi zikipunguzwa mara kumi sawasawa hazibonyei. Uzito haupungui mara kumi, hupungua mara elfu. Rangi inayotoka kwenye kopo haijui kwamba gari ni dogo. Ndiyo maana naiona kazi hii ya mezani kuwa shule nzuri ya uhandisi: kila kipande kinakulazimisha kuamua kama kipunguzwe sawasawa, kipunguzwe zaidi, au kiachwe na nafasi yake ichukuliwe na kitu kingine. Mtu aliyemaliza modeli moja kwa kufikiri hivyo huliangalia gari halisi kwa jicho jingine kabisa.

Nimelichagua Land Rover 109 la toleo la Series II na IIA kwa sababu mbili. Kwanza, ni gari ambalo wengi wetu tumelipanda au tumelisukuma. Polisi, hospitali za misheni, hifadhi za wanyama, idara za maji na za misitu, wote walilitumia, na kule Thika kiwanda cha Leyland Kenya kiliwahi kuunganisha matoleo ya Land Rover yaliyofuata. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo imo katika jinsi gari lenyewe lilivyozaliwa.

Mwaka 1947 Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa akitumia jeep ya Willys iliyobaki vitani kwenye shamba lake katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Alitaka Rover itengeneze gari la shamba la namna ile. Tatizo likawa chuma. Baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kibali, ilhali aluminiamu ilipatikana kwa urahisi kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Na mashine kubwa za kukandamiza bati katika kalibu zilikuwa ghali mno kwa gari ambalo hakuna aliyejua kama litauzika. Wahandisi wake wakachora bodi ya aluminiamu yenye mabapa yaliyonyooka na mikunjo michache, ambayo fundi angeweza kuikunja bila kalibu kubwa. Chesisi nayo haikuhitaji mashine ya kukandamiza: vipande vinne vya chuma vilikatwa, vikapangwa kama boksi refu, vikaunganishwa kwa kuchomelea kwenye kona. Gari likaonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Gari lililobuniwa ili litengenezwe bila mashine kubwa linatengenezeka tena, kwa njia zilezile, juu ya meza ya nyumbani. Linganisha na Volkswagen Beetle. Boneti yake imepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na bapa la namna hiyo halipatikani kwa kukunja. Ni lazima ligongwe na kunyooshwa mpaka bati lenyewe litanuke. Kipimo changu ni rahisi: sehemu unayoweza kuitengeneza kwa karatasi ngumu bila kuikata mikato ya ziada, utaiweza kwa bati. Karibu Land Rover nzima inapita mtihani huo. Anayeanza na asianze na gari jingine.

Sasa skeli. Duniani watengenezaji wa modeli wana namba zao za mazoea, na nyingi zilitokana na mambo ya kawaida kabisa. Skeli ya 1:72 ni inchi moja kwa futi sita, yaani mtu mrefu anakuwa na urefu wa inchi moja. Ile ya 1:43 ilitokana na treni za kuchezea, ambako milimita 7 zilisimama badala ya futi moja. Skeli ya 1:35, inayotawala modeli za vifaru, ilianzia kwenye kifaru cha Panther cha kampuni ya Tamiya ya Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960: ukubwa wa modeli uliamuliwa na betri na mota vilivyotakiwa kuingia tumboni mwake. Hakuna utakatifu katika namba hizo. Kwa mtu anayepima kwa milimita na asiye na kikokotoo mkononi, 1:10 ndiyo inayomfaa, kwa sababu sentimita ya gari inakuwa milimita ya modeli na kosa la hesabu linaonekana mara moja. Pia ni kubwa ya kutosha kwa vidole vya mtu mzima. Modeli nzima itakuwa na urefu wa karibu sentimita 45, na itakaa kwenye rafu.

Kipimo cha kwanza cha kuamini ni namba iliyo katika jina la gari. 109 ni inchi kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha gurudumu la nyuma, sawa na milimita 2,769. Katika modeli hiyo ni milimita 277. Umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, ni inchi 51.5, nasi tutaweka milimita 131. Vipimo vingine nakushauri uvichukue kwenye gari lenyewe kwa futi ya utepe, kwa sababu Land Rover lililoishi miaka hamsini barabarani limebadilishwa bampa, keria, tairi, hata milango, na picha za vitabuni hazitakuonyesha gari unalolitaka. Bado yapo. Arusha ilipoandaa tamasha la Land Rover mwaka 2024 yalijitokeza mengi ya kila umri. Mwenye gari mara nyingi ni mzee aliyelitunza kwa mkono wake. Mwamkie, mweleze nia yako, na kuna uwezekano mkubwa akafungua boneti kabla hujaomba.

Pamoja na futi, tumia kamera, ila uitumie kwa akili. Picha iliyopigwa karibu hudanganya: gurudumu lililo jirani na kamera linavimba na lile la mbali linasinyaa. Rudi nyuma hatua ishirini au zaidi, kisha vuta picha kwa lenzi, kamera ikiwa usawa wa kitasa cha mlango na ikitazama ubavu wa gari kwa pembe mraba. Ichapishe picha hiyo kwa ukubwa ambao umbali wa kitovu hadi kitovu ni milimita 277 kamili, na hapo una mchoro wa ubavu ambao unaweza kuupima kwa rula moja kwa moja. Fanya hivyo kwa mbele na kwa nyuma pia, ukitumia upana ulioupima mwenyewe.

Kabla hujakata chochote, amua mwaka. Land Rover zinafanana kwa mbali tu. Series II ilitoka mwaka 1958, IIA mwaka 1961, Series III mwaka 1971. Taa kubwa za mbele zilikuwa ndani, pande mbili za wavu wa rejeta, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipohamishiwa kwenye madigadi. Wavu wa chuma ulikuja kubadilishwa na grili ya plastiki katika Series III. Modeli yenye taa za mwaka 1970 na wavu wa mwaka 1960 inaweza kuwa imetengenezwa kwa ustadi mkubwa na bado fundi wa gereji akaitazama na kukunja uso, asijue kinachomkera.

Kazi yenyewe huanzia chini. Wengi hutamani kuanza na bodi kwa kuwa ndiyo sura, halafu wanatafuta namna ya kuipachika magurudumu. Matokeo yake gurudumu halikai katikati ya tundu la madigadi, na hilo ndilo kosa ambalo jicho la mtu yeyote, hata asiyejua magari, hulikamata kwanza. Katika 1:10, nusu milimita ya modeli ni milimita 5 za gari. Anza na chesisi, weka ekseli na springi, simamisha gari kwenye magurudumu yake bila bodi, na uhakikishe linasimama sawa mezani pembe zote nne. Bodi itafuata mahali ambapo magurudumu yameshaamua.

Chesisi unaweza kuichonga kwa mti mgumu wenye nyuzi laini. Nasisitiza nyuzi laini kwa sababu nyuzi za mti hazipungui kwa skeli: mti wenye vinyweleo vikubwa, kama mvule, utaonyesha mashimo ambayo kwenye gari halisi yangekuwa na upana wa milimita kadhaa. Lakini mwenye subira namsihi aifanye kama Rover walivyoifanya, kwa vipande vinne vya bati vilivyounganishwa kuwa boksi. Utashangaa jinsi kipande cha bati la kopo, kinachopinda kwa kidole kikiwa peke yake, kinavyokataa kupinda kikishafungwa pande nne. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kutu ikishakula upande mmoja wa chesisi ya gari halisi, gari zima linaanza kulegea.

Bati la kopo la maziwa au la mafuta ya kupikia ni chuma kilichopakwa stani, na stani inapatana na lehemu. Kopo la soda ni aluminiamu. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi ambayo lehemu ya kawaida haiishiki. Bodi ya gari halisi ni ya aluminiamu, lakini ya modeli inafaa iwe ya chuma. Chukua sumaku kutoka spika mbovu uipitishe kwenye makopo yako. Linalovutwa ndilo la kazi hii. Likate kwa mkasi wa bati, sawazisha kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma bapa, sugua kingo zote kwa tupa. Kingo hizo zinakata kuliko wembe, na kidonda chake ni kirefu kuliko unavyohisi kwanza, kwa hiyo vaa glovu za ngozi wakati wa kukata.

Ukilehemu, safisha kiungo kwa msasa mpaka king'ae, paka flaksi, pasha bati lenyewe kwa ncha ya pasi ya kulehemu, kisha leta waya wa lehemu kwenye bati. Bati likipata joto la kutosha lehemu hutiririka yenyewe na kuingia katikati ya kiungo. Ukiidondosha kutoka kwenye pasi juu ya bati baridi, itakaa kama tone na kung'oka siku ya kwanza. Ugumu unakuja kwenye kiungo cha pili kilicho karibu na cha kwanza, kwa sababu joto husafiri na kukiyeyusha ulichokwisha kukimaliza. Funika kiungo cha zamani kwa kitambaa kilicholowa maji, fanya kazi haraka, na usitumie pasi ndogo ya simu. Inahitajika yenye nguvu, inayotoa joto jingi kwa muda mfupi. Flaksi ya asidi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara tu baada ya kazi, la sivyo kutu itatokea chini ya rangi.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri na wazazi. Lehemu nyingi madukani zina risasi. Risasi ni sumu, na kwa watoto inaharibu ubongo hata kwa kiasi kidogo. Usilehemu jikoni, usile ukiwa kazini, fungua madirisha, nawa mikono kwa sabuni, na vumbi la kusugua viungo lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa. Ukipata lehemu isiyo na risasi, itumie. Inadai joto zaidi kidogo na mkono uliozoea, lakini mtoto anaweza kuketi nawe mezani.

Sasa springi, mahali ambapo modeli nyingi nzuri hufa ganzi. Land Rover hizi zina springi za pleti, mbele na nyuma. Chukua pleti hizo, zipunguze mara kumi kwa urefu, upana na unene, kwa chuma kilekile, na ugumu wa springi utapungua mara kumi. Lakini uzito wa gari umepungua kwa urefu, upana na kimo, yaani kumi mara kumi mara kumi. Gari halisi lenye takriban tani moja na nusu linakuwa modeli ya kilo moja na nusu. Kwa hiyo springi iliyokuwa ikibonyea milimita 60 chini ya uzito wa gari, ambayo katika modeli ingepaswa kubonyea milimita 6, inabonyea milimita 0.6 tu. Gari linasimama kama limepigwa misumari. Galileo aliieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1638, akizungumzia mifupa ya wanyama wakubwa na wadogo: ukubwa ukibadilika, nguvu na uzito havibadiliki kwa mwendo mmoja.

Tunahitaji, basi, springi laini mara kumi kuliko ile ya kunakili, yenye sura ileile. Dawa yake ni nzuri mno. Tuseme rundo la springi lina pleti kumi. Tengeneza moja tu kwa chuma, ile ndefu ya juu, ukitumia chuma cha springi chenye unene wa nusu milimita hivi. Tisa zilizobaki zikate kwa plastiki ngumu uzipake rangi ya chuma. Plastiki ya namna hiyo ni laini kuliko chuma kwa makumi ya mara, kwa hiyo pleti zako tisa zinakaa pale kwa ajili ya macho, na ugumu wa rundo ni karibu ule wa pleti moja. Hesabu hii ni ya makisio, maana pleti fupi hazifanyi kazi sawa na ndefu, lakini inakufikisha jirani na jibu. Kilichobaki utakimaliza kwa tupa, ukipunguza unene wa ile ya chuma. Uende taratibu. Unene ukipungua nusu, ugumu hupungua mara nane.

Bado kuna suala la mahali uzito ulipo. Bati letu ni chuma, na chuma kina uzito karibu mara tatu ya aluminiamu ya unene uleule. Modeli, hasa ikiwa na chesisi ya mbao, inakuwa nzito juu na nyepesi chini, kinyume cha gari halisi. Ongeza vipande vya chuma chakavu katikati ya mihimili ya chesisi, chini kabisa, mpaka mizani ya jikoni isome kilo moja na nusu. Baada ya hapo bonyeza kona moja ya gari kwa kidole na uiachie.

Kwenye ekseli nina jambo moja tu la kusisitiza: difu haiko katikati. Katika Land Rover hizi difu ya mbele na ya nyuma zote zimesogea upande wa kulia, kwa sababu shafti zinatoka kwenye giaboksi ya pili upande huo. Ukiziweka katikati, mtu akiinama kutazama nyuma ya modeli yako atajua kwamba hukuwahi kuinama nyuma ya gari.

Usukani unastahili muda zaidi. Gari likikata kona, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo na la nje duara kubwa, kwa hiyo hayawezi kupinda kwa pembe moja. Utaratibu wa kulitatua hilo ulibuniwa na Georg Lankensperger, mtengeneza magari ya farasi wa Munich, na Rudolph Ackermann akausajilia hataza London mwaka 1818. Jina la Ackermann ndilo lililobaki. Kwenye modeli unaufanya kwa uzi. Vuta uzi kutoka kwenye kingpini ya kila gurudumu la mbele mpaka katikati ya ekseli ya nyuma. Mkono unaounganisha gurudumu na tairodi ulale juu ya mstari wa uzi huo. Kingpini zikiwa na umbali wa milimita 120 kati yao, mikono itaelekea ndani kwa digrii 12 hivi. Kwa kona bora kabisa, gurudumu la ndani likipinda digrii 30, la nje linatakiwa lipinde karibu digrii 25, na mpango huu wa mikono unakusogeza huko. Tairodi ikiwa mbele ya ekseli, mstari ni uleule, ila mikono hutanuka kuelekea magurudumu. Sukuma modeli kwenye sakafu yenye vumbi jembamba la unga au chaki ukiwa umeukata usukani: tairi zinazoburuta zitaacha mstari mpana uliochafuka, zinazoviringika zitaacha alama safi.

Kuhusu tairi, watoto wa Afrika Mashariki walikwisha kupata jibu zamani kwenye magari yao ya waya: kandambili. Tairi ya 7.50-16 ina kipenyo cha karibu sentimita 80 na upana wa sentimita 19, kwa hiyo tunataka duara la milimita 80 lenye unene wa milimita 19. Gundisha soli mbili kwa gundi ya fundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri mpaka gundi isinate kidoleni, ndipo uzibane. Rimu ya inchi 16 ni milimita 40.6 katika skeli yetu, na bomba la plastiki la maji machafu la milimita 40 linauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Toboa soli, ingiza kipande cha bomba, funga kwenye keekee ya umeme, izungushe polepole na uichonge mabega kwa msasa mpaka iwe tairi. Meno yakatwe kwa kisu kikali, moja moja. Ni kazi ya jioni kadhaa na haina njia ya mkato ninayoiamini. Wapo wanaochapisha tairi kwa printa ya 3D, na zinapendeza, lakini plastiki nyingi za printa hizo ni ngumu, na tairi isiyobonyea kidogo chini ya gari huonekana kama pambo.

Bodi sasa. Itengeneze nzima kwanza kwa karatasi ngumu ya boksi la nafaka, ukiibandika kwa selotepu, ukairekebisha mpaka ikae juu ya chesisi bila kulazimishwa. Kisha ifungue, na kila kipande kiwe kiolezo cha bati. Anza na ukuta unaotenganisha injini na abiria, kwa sababu hata katika gari halisi huo ndio mfupa: ni wa chuma, si wa aluminiamu, na madigadi, milango na kioo cha mbele vyote hushikwa nao. Ukikaa mshazari, kila kinachofuata kitakuwa mshazari.

Sehemu moja ya bodi inaamua kama watu watalitambua gari. Tangu mwaka 1958 ubavu wa Land Rover una bega: bati linashuka kutoka usawa wa dirisha, linatoka nje kwa mviringo mdogo, kisha linaendelea chini. Matoleo ya kabla ya hapo yana ubavu ulionyooka. Bega hilo ni dogo, mtu hulipuuza, na bila hilo modeli inakuwa boksi lisilo na jina. Usilikunje kwenye kona ya mbao. Tafuta ubao laini, weka bati juu yake, viringisha chuma cha mviringo kwa kukandamiza, mara nyingi na kwa nguvu kidogo, ukilinganisha kila mara na kiolezo ulichokata kutoka kwenye picha ya mbele. Mlango, bati la nyuma na madigadi vyote vinapita kwenye mstari mmoja wa bega, kwa hiyo nakushauri ukunje ubavu mzima ukiwa kipande kimoja, halafu ndipo ukate mlango. Mstari hautavunjika.

Vichwa vya ribiti hubonyezwa kwa ndani, kwa sindano butu, bati likiwa juu ya mpira. Chora mstari kwa penseli na uweke alama za umbali kabla hujabonyeza hata moja. Jicho husamehe ribiti iliyo ndogo mno. Iliyotoka kwenye mstari haliisamehe.

Tabaka la praima na la rangi pamoja, yakipakwa kwa brashi bila uangalifu, hufika kirahisi milimita 0.1. Kwa skeli yetu hiyo ni milimita nzima ya rangi kwenye gari halisi. Ribiti zinazama, mianya ya milango inaziba. Puliza kwa mbali, matabaka mepesi, uache kila moja likauke. Mng'ao nao upunguzwe. Land Rover ya kazi haikung'aa kama kioo, na modeli inayong'aa sana huonekana ya plastiki hata kama ni ya bati tupu. Kuna mabishano ya muda mrefu kati ya wanamodeli kama rangi ichanganywe na nyeupe kidogo, kwa hoja kwamba kitu kidogo huonekana cheusi zaidi kuliko kikubwa cha rangi ileile. Mimi niko upande wa wanaochanganya, lakini kidogo sana, na kwa kijani kilichokolea zaidi kuliko kwa rangi ya mchanga.

Ukitaka kuipiga video, kumbuka kwamba muda nao una skeli yake. Modeli ikishuka tuta inaruka na kutulia upesi mno, na papo hapo mtazamaji anajua ni gari la kuchezea. Kimo kikipungua mara kumi, muda wa kuanguka hupungua kwa kipeuo cha pili cha kumi, yaani mara 3.16 hivi. Simu nyingi zinarekodi fremu 120 kwa sekunde, na zikirudishwa kwa fremu 30 mwendo unapungua mara nne, zaidi kidogo ya tunachohitaji lakini karibu vya kutosha. Iweke kamera chini, usawa wa ekseli, lisukume gari juu ya jiwe dogo, na springi zako za pleti moja zitaonekana zikibeba tani moja na nusu.